KENGELE YA MOTO KATIKA SHULE ZA WATOTO WADOGO

Katika shule nyingi za mashambani, kengele ni kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Kikigongwa, watoto wa chekechea hujua kwamba wakati umefika wa kuingia darasani, wa kunywa uji au wa kurudi nyumbani. Lakini je, jiko la shule likishika moto, kitagongwa vipi? Kikigongwa kama siku zote, huenda watoto wakakimbilia palepale penye hatari, wakidhani wanaitiwa uji. Jambo hili yafaa lifikiriwe na wazazi na walimu wa Khwisero, katika Kaunti ya Kakamega, kabla ya msiba kutokea.

Moto hauui kwa ndimi zake tu. Moshi hutangulia, nao humlevya mtu na kumkata pumzi kwa muda mfupi sana. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Tena, kuwahi kutoka nje si kukimbia ovyo. Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana ngazini walipokuwa wakitoka madarasani, wala hapakuwa na moto. Basi watoto wapaswa kuonywa mapema, na wapaswa kujua namna ya kutoka.

Kwanza, mlio wa moto uwe wa namna yake, usitumiwe kwa kazi nyingine yo yote. Ikiwa kengele ya kawaida hugongwa polepole, ya moto igongwe upesi upesi bila kukoma mpaka wote wametoka. Chuma na nyundo yake vikae nje, wala visifungiwe ofisini. Aonaye moshi kwanza, awe mpishi au mlinzi, ndiye agonge. Asingoje ruhusa ya mwalimu mkuu.

Pili, mahali watoto walalapo pafungwe darini chombo kidogo kitambuacho moshi. Hutumia betri, kwa hiyo hufaa hata pasipo umeme. Kijaribiwe kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake. Kisiwekwe karibu na jiko la kuni, maana kitalia kila siku na watu watazoea kutokijali. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, waligundua kwamba watoto wengi waliowajaribu hawakuamshwa na mlio wa namna hiyo. Lazima basi awepo mtu mzima wa kuwaamsha.

Tatu, mazoezi yafanywe kila muhula. Mtoto mdogo akiingiwa na hofu hujificha chini ya kitanda. Azoezwe kushikana mkono na mwenzake, kutembea mpaka chini ya mti uliochaguliwa, na kuitika jina lake likisomwa. Asiyesikia vizuri na asiyeweza kutembea wawekewe kila mmoja mtu wake. Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 wataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini kuchelewa kupata habari kuna kinga, nayo ni chuma, nyundo na mazoezi.