Rubani anajuaje aanze kukata kona saa ngapi?

Wadau, jeti haikati kona kama daladala. Rubani akingoja mpaka afike pale pale penye kona, kashachelewa, na nje ya njia pengine kuna mlima.

Tuseme ndege inaelekea kituo cha redio, na DME inamwonyesha rubani umbali uliobaki. Ramani inamtaka azunguke kituo kwenye tao la maili 10 (zote hapa ni maili za baharini). Spidi yake juu ya ardhi ni maili 240 kwa saa, yaani 4 kwa dakika. Hesabu ya kichwani, ndege ikilala nyuzi 30: toa 2, zinabaki 2. Ni makadirio tu, ila hapa yanampa nafasi ya ziada. Basi anaanza kukata DME ikisoma 12, sio 10.

Na kutoka kwenye tao kwenda kutua je? Gawa 60 kwa 10, unapata nyuzi 6 kila maili. Mara 2, ni 12. Anakata nyuzi 12 kabla ya mstari wa kutua.

Angalieni na hili: spidi halisi huzidi ile ya kwenye saa kwa kama asilimia 2 kila futi 1,000. Uwanja wa Nairobi uko juu ya futi 5,000, kwa hiyo kona ya kule ni pana kuliko ya Dar. Upepo ukisukuma toka nyuma, inapanuka zaidi.

Haya, kazi kwenu: tao la maili 15, spidi ile ile, nyuzi ngapi? Majibu hapo chini.