Gari la jua lataka wepesi kabla ya paneli

Masii, kule Machakos, jua si tatizo. Kijana anayetamani kuunda gari la mbio la kwenda kwa nguvu za jua hukimbilia kuongeza paneli, na hapo hesabu humkatalia. Katika mashindano ya Australia ya 2019, ya Darwin hadi Adelaide, kilomita 3,000 hivi, paneli za kawaida ziliruhusiwa mita 4 za mraba tu. Jua likiwa utosini, hizo hutoa kama wati 900. Pasi moja ya umeme, ndugu yangu, huzimaliza.

Sasa chukua gari na dereva wake, jumla kilo 280. Kulipandisha mlima wa mita 100 kwenda juu hula dakika 5 za jua lote hilo, bado upepo na matairi. Gari la kawaida la kilo 1,280 lingekula dakika 23. Na paneli nazo zina uzito.

Lakini wepesi si kufanya kila kitu chembamba. Shika rula ya plastiki, ilaze, uibonyeze: yapinda. Isimamishe kwa ukingo, yakataa. Plastiki ni ile ile, kimo ndicho kilichobadilika. Ndiyo maana bodi za magari haya huwa ngozi mbili nyembamba za nyuzi za kaboni, katikati mna vitundu kama sega la nyuki. Kata boksi la katoni uone mfano wake. Ngozi ya juu hubanwa, ya chini huvutwa, na sega huziweka mbalimbali.

Vipande vya chuma na alumini hutobolewa pasipobeba mzigo. Wachongaji wa Wamunyu, si mbali na Masii, wangeelewa haraka, ila kinyago hakigongi shimo la barabarani. Tundu lenye pembe kali ndiko ufa huanzia. Liwe la mviringo. Breki, usukani na fremu ya kumkinga dereva, hapo mimi sikubali mtu apunguze kwa kukisia.

Kaboni ni ghali. Faiba ya boti ni nzito kuliko kaboni, lakini huku pwani mafundi wa kuitandaza kwa gundi tunao. Mwanafunzi wa Masii ashinde wiki mbili na fundi wa boti Mombasa, na aje na mizani.