Herufi moja tu kwenye damu

Kijana mwenzangu, maharage uliyokula jana hayageuki kuwa damu hivi hivi. Tumbo huvunja protini zake kuwa vipande vidogo, yaani asidi amino, halafu seli zako huviunga upya kwa mpango wao. Kazi hiyo inategemea RNA. Ukiielewa, utaelewa pia selimundu (wengine huiita sikoseli), ugonjwa ambao bado kuna watu wanausingizia uchawi.

Hebu fikiria kitabu cha maelekezo kilichofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakitoki nje. Hicho ni DNA, na ofisi ni kiini cha seli. Kinachotoka ni nakala ya ukurasa mmoja tu: RNA ya ujumbe. Nakala inakwenda kwenye ribosomu, ambayo ndiyo karakana, na humo inasomwa herufi tatu tatu. Kila tatu zinaagiza asidi amino moja. Anayeileta ni RNA ya kubeba, kama mpagazi wa sokoni mwenye mzigo wake maalumu. Halafu kuna RNA ya ribosomu. Wengi huisahau, lakini kwangu mimi ndiyo fundi hasa, maana ndiyo inayounganisha asidi amino moja na nyingine.

Sasa tazama hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mnyororo wake uitwao beta una asidi amino 146. Kwenye nafasi ya 6 nakala husema GAG, na inaletwa asidi ya glutamiki. Kwa mwenye selimundu imeandikwa GUG, basi inaletwa valini. RNA haikukosea, imefuata kitabu kilivyo! Lakini oksijeni ikipungua, hemoglobini hiyo inashikana, chembe nyekundu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu makali ya mifupa.

Eti mama ndiye kaleta? Hapana. Mgonjwa amerithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mwenye kuirithi upande mmoja kwa kawaida haugui, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imedumu katika nchi zenye malaria. Wewe unaishi Tukuyu kwenye baridi, lakini babu yako huenda alitoka Kyela kwenye joto na mbu. Wazazi wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinaonyesha.

Baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu. Kwa hiyo mwenzako akivaa sweta mbili darasani na kuomba ruhusa ya kunywa maji kila mara, mwache anywe.