Kazi, watu wa nyumba na udongo: kila eneo na hali yake



Katika mikutano tunasikia mara nyingi: «Ile nyumba haina kazi, watu wake ni wavivu.» Kabla ya kusema hivyo, tuulize maswali matatu. Nani anaishi mule nyumbani? Mikono mingapi inaweza kulima? Na shamba wanalitumia kwa masharti gani? Majibu yanabadilika kutoka eneo moja mpaka lingine, njo maana msaada wa namna moja haufai wote.

Kabare na Walungu
Huku Kivu ya Kusini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Mwenye kalinzi alipata udongo kwa mwami ao kwa shefu wake kwa kutoa kitu, zamani ngombe, na watoto wake wanaurithi. Mwenye bwasa anakodi tu kwa muda mfupi, mara nyingi msimu mmoja. Yeye hawezi kupanda kahawa wala migomba, sababu mmea unaodumu miaka unamfanya aonekane kama mwenye shamba. Tena vijana wengi wameenda kuchimba zahabu, kama kule Kamituga. Nyumbani wanabaki mama, watoto na wazee. Kazi iko, udongo na mikono njo vinakosekana.

Masisi
Huku Kivu ya Kaskazini kuna konsesyo kubwa za malisho, na nyingi zilianza kama mashamba ya wakoloni. Familia isiyo na udongo inaingia katika salongo: siku fulani za juma inalima kwa mwenye konsesyo, siku zingine inalima kipande ilichopewa. Kama nyumba ina mtu mzima mmoja tu, kwa mfano mjane, siku anazotoa zinamwacha na muda kidogo kwa chakula chake. Na wale waliofukuzwa na vita, wanaoishi kambini ao kwa familia zilizowapokea, wanategemea kibarua cha siku kwa siku.

Haut-Katanga
Mbali na miji, udongo si shida kubwa. Kinachopunguka ni mikono, mbegu, mbolea na barabara nzuri. Kandokando ya Lubumbashi na Likasi, familia nyingi ziko katika nyumba za kupanga. Mwenye nyumba anadai kila mwezi, lakini mahindi ya mvua yanavunwa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo baba ao mama anaacha shamba lake wakati wa palizi, anaenda kutafuta kibarua ili alipe nyumba.

Sheria inasema nini?
Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia. Kanuni ya familia ya 1987 inampa mjane haki ya kutumia nyumba alimoishi na mume wake, pamoja na nusu ya matumizi ya shamba linaloizunguka ambalo mume alikuwa akilima mwenyewe. Watoto wasichana wanarithi sawa na wavulana. Lakini mjane ambaye ndoa yake haikuandikwa anapata taabu kuonyesha haki yake wakati ndugu za mume wanakuja kumfukuza.

Tufanye nini katika koperative?
- Tuandike kwa kila nyumba: watu wangapi, wangapi wanaweza kulima, na udongo ni wa kalinzi, bwasa, salongo ao wa kukodi kwa namna nyingine.
- Mwenye bwasa tumpe mbegu za maharagi na mboga. Miche ya kahawa iende kwa yule ambaye hatafukuzwa kesho.
- Mikutano isianguke kwa siku za salongo.
- Mchango ulipwe kiisha mavuno, si kila mwezi.
- Mapatano ya kukodi shamba yaandikwe mbele ya mashahidi: ukubwa, bei, misimu mingapi.
- Ndoa iandikwe kwa ofisi ya eta sivile wakati wote wawili wangali wazima.

Orodha hii haigharimu zaidi ya daftari moja. Lakini bila yenyewe, mbegu zetu zitaendelea kwenda kwa wale wenye udongo tayari, na nyumba ya mjane itaendelea kuitwa nyumba ya wavivu.