Farasi anausoma woga wako: Hivi ndivyo wakufunzi wanavyomtuliza

Umeshika kamba ya farasi. Viganja vinatoka jasho, lakini umekaza uso usionekane mwoga. Binadamu mwenzako unaweza kumdanganya. Farasi je? Huyo humwezi.

Mwaka 2009, watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi. Watu waliwaongoza farasi, wengine wakawapanda, mara nne kwenye njia ile ile. Kabla ya mara ya nne wakaambiwa mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita.

Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi pia. Farasi hakuambiwa kitu. Hofu aliipata kwa mtu aliyekuwa naye.

Kwa nini yuko hivyo?

Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni ya kichwa, hivyo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Kundini, mmoja akishtuka wote wanatimua mbio.

Akiwa na wewe, kundi lake ni wewe. Na kwa kuwa farasi mkubwa hufika kilo 500, akikurupuka hutamzuia kwa nguvu za mikono. Ndiyo maana utulivu unakuja kwanza, tandiko baadaye.

Utajuaje ametulia?

Mwenye wasiwasi huinua kichwa, hukaza shingo na kutanua pua. Aliyetulia hushusha kichwa, mdomo wa chini hulegea, pumzi hutoka taratibu. Sikio likigeuka upande wako, ujue anakufuatilia.

Ila usichanganye mambo: farasi aliyesimama kama sanamu, mwili umekakamaa, hajatulia. Ameganda kwa woga. Wengi huumia hapo, maana akija kulipuka wanadhani hakutoa dalili.

Wakufunzi wanafanya nini?

Wanaanza na wao wenyewe. Pumua polepole, legeza mabega, mwendee kutokea upande wa bega lake, usitokee nyuma.

Wanabana, kisha wanaachia. Vuta kamba kidogo tu. Akisogea hata hatua moja, legeza hapo hapo. Kinachomfundisha ni kule kuachiwa, kwa sababu ndiko kunakomwambia "umepatia". Ukiendelea kuvuta wakati ameshatii, anaona kutii hakuna faida.

Wanamkuna. Farasi marafiki hukunana kwa meno chini ya shingo, juu ya mabega. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa farasi akikunwa sehemu hiyo, mapigo ya moyo yake hushuka. Kwa hiyo badala ya kumpigapiga shingoni, mkune pale.

Wanampa nafasi. Kama anaogopa mfuko wa plastiki, usimburute hadi ulipo. Rudi nyuma mpaka umbali anaoweza kuuvumilia, subiri ashushe kichwa, kisha sogeeni hatua chache. Somo liwe fupi, na liishe akiwa bado ametulia.

Kumbe kazi kubwa si kumtawala farasi. Ni kuwa mtu ambaye, kitu kikilia vichakani, farasi atamtazama kwanza kabla ya kukimbia. Akikuta umetulia, naye ana sababu ya kubaki.