Logi: Cha Kuandika na Cha Kutupa

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye, kikiwa kimeshaanza kutuma picha na vipimo vya hali ya hewa, kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya bila kuamriwa. Kila ilipofanya hivyo, kazi zilizosalia za siku hiyo ziliahirishwa hadi kesho yake. Hapakuwa na fundi wa kwenda kuifungua. Wahandisi wa maabara ya JPL huko California walilazimika kuujua ugonjwa bila kumgusa mgonjwa.

Walikuwa na nakala ya mfumo huo duniani, na ndani ya programu yake mlikuwa na sehemu ndogo iliyoandika mfululizo wa matukio: kazi ipi imeshika prosesa, ipi imeachia, ipi imefunga kufuli (kizuizi kinachofanya kazi zitumie kitu kimoja kwa zamu) na ipi inangoja. Baadhi ya zana za aina hiyo zilizalisha data nyingi kuliko ile ambayo redio ya chombo ingeweza kuituma, kwa hiyo kule Mirihi hazikutumika. Hata hivyo msimbo wake haukuondolewa. Msimamo wa timu ulikuwa kwamba kinachojaribiwa ndicho kinachorushwa. Tena programu ilishaagizwa kwamba kosa la namna hii likitokea, isimamishe uandishi na kumwaga yote yaliyokusanywa.

Wakazirudia maabarani shughuli zile zile, tena na tena. Kabla ya saa 18 kutimia, kosa likajitokeza, na rekodi ikaeleza yote. Kazi ya vipimo vya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshika kufuli. Kazi ya kipaumbele cha juu ililihitaji kufuli hilo, ikangoja. Katikati zikaingia kazi za kipaumbele cha wastani, zikaichukua prosesa, na ile ya chini ikakosa nafasi ya kumaliza na kuachia. Sehemu ya mfumo yenye jukumu la ulinzi, ilipoona kazi muhimu haijakamilika kwa wakati, iliwasha kompyuta upya. Dawa ilikuwa kubadili mpangilio mmoja, ili anayeshika kufuli arithi kipaumbele cha anayelingojea. Marekebisho yakatumwa Mirihi kwa redio.

Wahandisi hao walisaidiwa na uamuzi uliofanywa kabla ya kosa: nini kiandikwe, kwa umbo gani, na kitupwe lini. Programu nyingi za leo, kuanzia za benki hadi za hospitali, hukwama hapo. Huandika mno, lakini siku ya tatizo hazina la kusema.

Sentensi na vipengele

Maandishi ambayo programu hujiwekea kuhusu mwenendo wake huitwa logi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza mfumo wa syslog kwa ajili ya programu yake ya barua pepe, Sendmail. Syslog ilieneza desturi inayotumika hadi leo: kila ujumbe hupewa ngazi ya uzito. Ngazi ni nane, kutoka 0 ambayo ni dharura ya mfumo mzima, hadi 7 ambayo ni maelezo ya ndani yanayomfaa mtengenezaji pekee. Kosa la kawaida ni 3, onyo ni 4, taarifa ya kawaida ni 6.

Ngazi hukwambia uzito wa ujumbe, ila maana ya ujumbe wenyewe hubaki ndani ya sentensi. Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la mtandaoni. Programu yake inaandika: “Malipo ya shilingi 4500 yameshindikana, benki haikujibu.” Mtu akisoma anaelewa. Lakini ukitaka kujua ni malipo mangapi ya zaidi ya shilingi 4000 yaliyokwama kati ya saa nane na saa tisa mchana, itabidi uifundishe kompyuta kuchimbua tarakimu katikati ya maneno. Na siku mtu atakapobadili “yameshindikana” kuwa “hayakufanikiwa”, uchimbaji huo utakufa kimya kimya.

Logi yenye muundo huandika tukio lile lile hivi:

muda=2025-03-14T11:02:07Z ngazi=kosa tukio=malipo_yamekwama kiasi=4500 sababu=benki_haikujibu ombi=7f3a

Haina ufasaha, lakini kila thamani ina jina lake, na kila jina linaweza kuulizwa swali. Mara nyingi huandikwa kwa mfumo wa JSON, na hata syslog yenyewe, katika kiwango chake cha mwaka 2009, ilitengewa nafasi ya data yenye muundo.

Vipengele viwili vinastahili kutazamwa kwa karibu. Cha kwanza ni muda. Herufi Z ya mwishoni humaanisha saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa 11:02 katika rekodi hiyo ni saa nane na dakika mbili mchana kwa mtu wa Mwanza. Huduma ikiwa na seva moja Ulaya na nyingine Nairobi, kila moja ikaandika saa ya mahali ilipo, jibu litaonekana limetoka kabla ya swali.

Cha pili ni ombi. Mteja akibonyeza “lipa” mara moja, kitendo chake kinaweza kupita katika huduma kadhaa: ya kikapu, ya malipo, ya benki, ya ujumbe mfupi. Ombi lake likipewa kitambulisho kimoja kinachosafiri nalo kote huko, mstari mmoja wa utafutaji huikusanya safari nzima. Bila kitambulisho, mchunguzi hubaki kukisia ni mstari upi wa huduma hii unaohusiana na upi wa huduma ile.

Mahali pa kuchuja

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya logi huoza. Inakula diski, inachelewesha utafutaji, na mstari mmoja wenye maana huzama katika mamilioni yasiyo nayo. Ndiyo maana kuchuja ni nusu ya kazi, na hufanyika katika hatua kadhaa.

Hatua ya kwanza ni ndani ya programu yenyewe. Unaweza kuiamuru iandike ngazi ya 4 na zile nzito zaidi tu, kisha ukashusha kizingiti unapochunguza jambo. Hapa kuna mtego: ikiwa programu hutayarisha ujumbe wote kwanza ndipo iulize kama unahitajika, gharama imeshalipwa hata ujumbe ukitupwa. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huuliza kwanza.

Hatua ya pili ni kuandika yote lakini kwa muda mfupi. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux hutunza ujumbe wake katika eneo la kumbukumbu lenye ukubwa maalumu. Likijaa, ujumbe mpya hufuta wa zamani kuliko wote. Hitilafu ikitokea, dakika za mwisho kabla yake huwa bado zipo.

Hatua ya tatu ni sampuli. Mwaka 2010 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya Dapper, mfumo wao wa kufuatilia safari za maombi. Toleo la kwanza lililotumika kazini lilihifadhi kwa wastani ombi 1 kati ya 1024. Kiasi hicho kilitosha kwa huduma zenye shughuli nyingi, kwa sababu jambo linalojirudia mara maelfu litaonekana hata kwenye sampuli ndogo. Tena uamuzi ulihusu safari nzima: ama inahifadhiwa kwa ukamilifu, ama inaachwa yote, ili mchunguzi asikute vipande visivyoungana.

Udhaifu wa sampuli ya kubahatisha ni tukio adimu. Kosa linalompata mteja mmoja kwa siku litapotea karibu kila siku. Kwa hiyo mifumo mingine husubiri ombi limalizike ndipo iamue: lililoshindwa au lililochelewa linabaki, na katika yaliyokwenda salama linachukuliwa moja moja. Kusubiri huko kuna gharama ya kumbukumbu, lakini kinachobaki ndicho kitakachoulizwa kesho.

Hatua ya mwisho ni wakati wa kusoma, unapouliza kwa jina la kipengele. Kadiri unavyochuja mapema ndivyo unavyookoa fedha, na ndivyo usivyoweza kurudi kuchukua ulichokitupa.

Yasiyopaswa kuandikwa kamwe

Kuna data ambayo haipaswi kufika kwenye kichujio chochote. Mei 2018 Twitter iliwataka watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wafikirie kubadili nywila, baada ya kugundua kwamba nywila zilikuwa zikiandikwa waziwazi katika logi ya ndani kabla hazijafichwa. Kampuni ilisema haikuona dalili za wizi, ila sehemu iliyowekwa kwa ajili ya uchunguzi ilikuwa imegeuka ghala la siri za watu. Kwa Kenya yenye sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania yenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya simu ya mteja haiachi kuwa taarifa binafsi kwa sababu imo kwenye faili la mafundi. Muundo husaidia hapa pia: kipengele kiitwacho “simu” kinaweza kufichwa kwa kanuni moja, lakini namba iliyojibanza ndani ya sentensi huponyoka.

Desemba 2021 ulimwengu wa programu ulipata funzo jingine. Log4j, maktaba ya kuandika logi inayotumika sana katika lugha ya Java, iligundulika kuwa ilikuwa ikisoma alama fulani ndani ya ujumbe kama amri, kiasi kwamba ingeweza kwenda kuchukua msimbo mahali pengine na kuutekeleza. Mshambuliaji alihitaji tu kuandika maneno ambayo seva ingeyaweka kwenye logi. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Maneno yanayotoka nje ya programu ni data, na lazima yabaki kuwa data hadi mwisho.

Timu inayotaka kupima logi zake isingoje siku ya janga. Ichague ombi moja la jana lililoshindwa, imkabidhi mhandisi ambaye hakuandika msimbo husika, kisha imtake aeleze ombi lilipita wapi, lilikwama wapi na kwa nini, akitumia logi pekee. Akishindwa, diski kubwa zaidi haitamsaidia. Kitakachosaidia ni watu kuketi pamoja na kukubaliana majina ya matukio, maana ya kila ngazi, na orodha ya vitu ambavyo hakuna programu yao itakayoruhusiwa kuviandika.