Je, Wajua? Ol Doinyo Lengai, Volkano Inayotoa Lava ya Magadi

Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, ni volkano iliyoko kaskazini mwa Tanzania, katika Wilaya ya Ngorongoro, kusini ya Ziwa Natron. Kilele chake kiko takribani mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho ni karibu nusu tu ya kile cha Kilimanjaro, lakini hakuna volkano nyingine hai inayojulikana duniani ambayo hutoa lava ya aina yake. Lava ni mwamba ulioyeyuka ukafika juu ya ardhi, na katika volkano nyingi mwamba huo huwa na silika, yaani madini ya mchanga, kwa wingi, huku lava ya basalti, iliyo ya kawaida kuliko zote, ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Lava ya Lengai ina silika kidogo mno, imejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Kwa hiyo ni lava ya magadi, yenye nasaba na magadi yale yale yanayookotwa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa na kutiwa katika chungu cha maharage ili yaive upesi.

Kwa kuwa haina silika ya kutosha kuifanya iwe nzito, lava hiyo hutiririka kwa wepesi mkubwa, na kwa kuwa joto lake ni dogo, mchana huonekana nyeusi au ya kahawia, hali wekundu wake hafifu hutambulika usiku pekee. Ikishapoa hunyonya unyevu wa hewa na wa mvua, madini yake hubadilika, na katika muda wa saa au siku chache mwamba uliokuwa mweusi huwa mweupe. Madini makuu mawili yanayoiunda ni nirereiti, yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriiti, yaliyopewa jina la John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyelitembelea na kulichunguza Bonde la Ufa mwaka 1893.

Ugunduzi wa lava hii ulimaliza ubishi wa miaka mingi. Miamba ya kale yenye kaboneti nyingi ilikuwa imekwisha kuonekana katika nchi kadhaa, lakini wanajiolojia hawakukubaliana kama miamba hiyo ilitokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, au ilikuwa chokaa ya kawaida iliyogeuzwa na joto. Mwaka 1960 mwanajiolojia J. Barry Dawson alipanda hadi kileleni, akaiona lava ya kaboneti ikitiririka, na mwaka 1962 akachapisha matokeo ya uchunguzi wake wa kikemia. Watafiti waliomfuata wameeleza kwamba magma yenye silika na kaboni nyingi, inapopoa chini ya mlima, hujitenga katika vimiminika viwili visivyochanganyika, kama mafuta na maji, na kwamba kile chepesi chenye kaboneti ndicho kinachopanda hadi kwenye kasoko, yaani shimo la kileleni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mlima wenyewe imejengwa kwa miamba ya silika, na lava ya magadi ni utando mdogo tu wa juu.

Lengai imekaa mahali ambapo bara la Afrika linapasuka, kwani mabamba mawili ya gamba la dunia, lile la Nubia upande wa magharibi na lile la Somalia upande wa mashariki, yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Namna mpasuko huo unavyotendeka ilionekana waziwazi mwaka 2007. Katikati ya Julai mfululizo wa matetemeko ulianza katika eneo la mlima Gelai, kaskazini-mashariki ya Lengai, na tarehe 17 mwezi huo likatokea kubwa kuliko yote, lenye ukubwa wa 5.9, ambalo lilisikika hadi Nairobi. Picha za rada za setilaiti, zinazoweza kupima badiliko la sentimita chache katika kimo cha ardhi, zilionyesha kwamba kwanza ufa mmoja uliteleza polepole, kisha magma ikajipenyeza wima ndani ya miamba na kufanya ukuta wa chini kwa chini wenye urefu wa kilomita kadhaa na unene wa mita 2 hivi, bila kutokeza juu. Tarehe 4 Septemba Lengai yenyewe ililipuka, na badala ya lava yake tulivu ikarusha majivu hadi juu angani kwa miezi kadhaa, yakaangukia malisho ya wafugaji wa Kimaasai. Milipuko ya namna hiyo ilikuwa imetokea pia mwaka 1917, mwaka 1940 na mwaka 1966, na uchunguzi wa majivu umeonyesha kwamba husababishwa na magma mpya ya silika inayopanda na kukutana na ile ya kaboneti, hata gesi ya kaboni dioksidi ikafumka kwa ghafla.

Gesi hiyo haitoki kileleni peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambao mwandishi wake mkuu alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha New Mexico nchini Marekani, gesi inayopenya udongoni kando ya nyufa za bonde la maziwa ya Magadi na Natron ilipimwa, ikakadiriwa kuwa takribani tani milioni 4 za kaboni dioksidi hutoka humo kila mwaka, zikiwa zimeanzia kina kirefu chini ya gamba la dunia. Matetemeko madogo ya kina kirefu yaliyonaswa na vipimatetemeko vilivyotandazwa katika eneo hilo yalikuwa yakitokea kwenye njia zizo hizo za gesi, jambo linalodokeza kwamba gesi na magma huzidhoofisha nyufa na kuzifanya ziteleze.

Sura ya nchi nayo hubadilika kwa kufuata mambo hayo. Kuanzia mwaka 1983 lava iliijaza kasoko ya kaskazini hata ikafurika ukingoni mwaka 1998, mlipuko wa 2007 ukachimba shimo jipya refu mahali pale pale, na tangu hapo lava inalijaza tena. Katika zama za kale ubavu wa mlima uliwahi kuporomoka, na mabonge ya mawe yake yametapakaa tambarare kuelekea Ziwa Natron. Huko huko, katika kijiji cha Engare Sero, matope ya majivu yaliyoletwa na maji kutoka mlimani yamehifadhi nyayo zaidi ya 400 za watu waliopita hapo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Leo vipokezi vya mawimbi ya setilaiti vilivyosimikwa kuuzunguka mlima, kwa ushirikiano wa Virginia Tech ya Marekani na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, hupima mwendo wa ardhi mfululizo, na wanafunzi wa uzamivu wanaochambua vipimo hivyo wameonyesha kwamba mwaka 2022 ardhi ya Lengai iliinuka, dalili ya magma inayokusanyika chini. Mwaka 2007 karibu wiki saba zilipita kati ya tetemeko la Gelai na mlipuko wa Lengai, muda unaotosha kuhamisha watu na mifugo pale ambapo dalili zinasomwa na kuaminiwa. Kwa sababu hiyo kazi ya kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki kupima tetemeko, gesi na mwendo wa ardhi kwa pamoja, bila kukitenga kimoja na kingine, ni sehemu ya ulinzi wa maisha ya wakazi wa Engare Sero na vijiji jirani, na inastahili kugharimiwa kwa uzito huo.